Kuomba nyumba ya kijamii Nairobi: kipato chenu, watu wa nyumbani, na hesabu ya vyumba

Nina meza ya saiba, duka la kompyuta na intaneti, Mukuru kwa Reuben. Kila wiki huja mtu akiwa na kitambulisho mkononi na kuniuliza, "Hizi nyumba za serikali zinapatikanaje?" Kabla sijagusa kibodi huwa namuuliza mambo mawili: kwa mwezi mnaingiza pesa ngapi, na usiku mnalala wangapi? Jibu la kwanza linaonyesha uko kundi gani la nyumba. Jibu la pili linaonyesha unahitaji vyumba vingapi. Wengi hufika wakiwa wamelifikiria la kwanza tu, wakabonyeza nyumba ya bei ndogo kuliko zote bila kukumbuka kwamba wao ni saba.

Nimeandika mwongozo huu kwa anayetaka kuifanya hesabu hiyo sawasawa, nyumbani kwake, kabla ya kwenda saiba au Huduma Centre, ofisi ya huduma za serikali.

Kwanza, jua unabisha mlango gani

Nairobi ina milango miwili, na watu huichanganya.

Mlango wa zamani ni nyumba za kaunti, zile zilizojengwa na baraza la jiji: Kaloleni, Bahati, Jericho, Maringo, Ofafa, Ziwani na nyinginezo. Hizo ni za kupanga hasa. Unalipa kodi kwa kaunti, nyumba inabaki mali ya kaunti. Kodi yake iko chini sana ukilinganisha na ya nyumba za watu binafsi za mtaa uo huo, na ndiyo maana hazikai wazi. Maombi yanapitia idara ya nyumba ya kaunti, si kwa keateka wala kwa mpangaji anayehama. Mtu akikwambia anakuuzia "ufunguo" wa nyumba ya kaunti, anakuuzia kitu kisicho chake, na siku wakaguzi wakipita utakayetolewa na vyombo nje ni wewe. Isitoshe, baadhi ya mitaa hiyo imo kwenye mpango wa kubomolewa na kujengwa upya kwa magorofa, kwa hiyo uliza hali ya mtaa kabla ya kutia tumaini lako pale.

Mlango wa pili ndio watu wengi wanamaanisha siku hizi: nyumba zinazojengwa chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, zinazoombwa kupitia Boma Yangu, mfumo wa serikali wa mtandaoni wa kuomba nyumba. Hapa neno "kodi" linapotosha kidogo. Unalipa kila mwezi kama mpangaji, lakini unanunua polepole, na malipo yanaweza kwenda hadi miaka 30. Mtaa mpya wa Mukuru, ulio kando ya Enterprise Road, ndio mfano ulio karibu nasi: umepangiwa nyumba 13,248, na funguo za nyumba 1,080 za kwanza zilitolewa Mei 2025.

Yaliyobaki hapa yanahusu zaidi mlango huu wa pili, ingawa hesabu ya kipato na ya watu inafaa popote.

Pili, hesabu kipato bila kujidanganya

Sheria imegawa waombaji kwa kipato cha mwezi. Aliye chini ya shilingi 20,000 ni wa nyumba za kijamii. Wa kuanzia 20,000 hadi 149,000 ni wa nyumba za bei nafuu. Anayezidi hapo ana kundi lake la tabaka la kati.

Sasa sikiliza jambo linaloniuma. Mipaka hiyo inatazama pesa za mtu, haitazami vinywa anavyolisha. Kijana anayeishi peke yake kwa 19,000 yuko kundi la kijamii. Mama wa watoto watano anayepata 21,000 hayuko. Katika nchi kama Ufaransa kikomo cha kipato hupanda kadiri watu wa nyumbani wanavyoongezeka, na naona hiyo ni haki zaidi. Hapa kwetu idadi ya watu utaitumia wewe mwenyewe kuchagua vyumba, kwa hiyo ifanye kazi hiyo kwa makini.

Mwenye payslip hana shida. Andika mshahara kabla ya makato. Utaona pia makato ya nyumba ya asilimia 1.5, ambayo mwajiri naye huongezea asilimia 1.5 yake; kwa mshahara wa 19,000 ni shilingi 285 kwako na 285 kwake. Kukatwa pesa hizo hakukuandikishi popote. Nimekutana na watu waliodhani wako kwenye foleni kwa sababu wanakatwa kila mwezi. Usipojiandikisha mwenyewe, jina lako halimo.

Kazi iko kwa sisi wa kibarua na juakali. Nitawaeleza ya mama mmoja jirani yangu, wa kazi ya kufua nguo. Alikuja na karatasi zake kwenye mfuko wa nailoni, akaketi. Nikamuuliza wanaingiza ngapi na mzee wake wa mjengo. Akajibu haraka: "Kama elfu ishirini na nane." Nikamwomba tuhesabu pamoja nyuma ya daftari la mtoto. Yeye kwa siku analipwa 600. Wiki nzuri anafua siku tano. Mzee analipwa 700 kwa siku, na wiki nzuri anafanya siku sita. Ukizidisha wiki hiyo nzuri mara nne unapata 28,800 kamili. Lakini wiki nzuri zilikuwa ngapi mwaka jana? Akanyamaza. Akaanza kuhesabu kwa vidole: wiki za mvua ambazo mjengo ulisimama, Agosti ambapo mwajiri mmoja alisafiri, Januari. Tukakubaliana kwamba wastani wake ni siku tatu kwa wiki, na wa mzee pia ni siku tatu.

Basi tukafanya hivi, na wewe fanya hivi hivi. Chukua mapato ya wiki ya wastani, zidisha kwa 52, gawanya kwa 12. Usizidishe kwa nne, kwa sababu mwaka una wiki 52, si 48. Yeye: 1,800 mara 52, gawanya kwa 12, ni 7,800. Mzee: 2,100 mara 52, gawanya kwa 12, ni 9,100. Jumla 16,900. Kama wangeulizwa kipato cha nyumba nzima, wiki nzuri ingewatoa nje ya kundi lao. Wastani wa kweli uliwarudisha ndani.

Kila mtu mwandikie mstari wake kwenye karatasi yako, kisha uwe na jumla ya nyumba. Fomu ikiuliza kipato cha mwombaji, andika cha mwombaji. Ikiuliza cha nyumba nzima, andika cha nyumba nzima. Jumla ile usiitupe hata isipoulizwa, kwa sababu ndiyo itakayolipa nyumba.

Taarifa ya M-Pesa ya miezi sita inasaidia kama ushahidi, na unaipata kwenye simu yako kwa *334#. Isome kwanza wewe mwenyewe. Pesa iliyoingia si lazima iwe kipato. Kama wewe ndiwe mweka hazina wa chama, michango ya watu ishirini imepita kwenye laini yako na kukufanya uonekane tajiri. Dada yako akikutumia ya kumlipia shule mtoto wake, hiyo nayo si yako. Chukua kalamu, piga mstari kwenye kila kilichopita tu, na uweke barua fupi ya kueleza, ikiwezekana yenye sahihi ya mwenyekiti wa chama. Na kama ulishajibu maswali ya kipato ulipojiandikisha SHA, ile bima ya afya ya serikali, majibu yako ya huku yafanane na ya kule. Ukweli mmoja ni rahisi kuukumbuka.

Tatu, hesabu watu

Kanuni ninayoitumia ni hii: mtu wa nyumbani ni yule ambaye sahani yake na kitanda chake vinakutegemea, hata kama usiku wa leo hayupo.

Yule mama aliniambia ni sita. Tukataja majina: yeye, mzee, mama mkwe, msichana wa miaka 12, mvulana wa 9, msichana wa 6. Nikauliza, "Na yule kijana wako mkubwa?" Akasema, "Yule hulala kwa mjomba wake, nafasi hakuna." Kijana ana miaka 15. Anakula kwa mamake asubuhi na jioni, sare yake inafuliwa kwa mamake, na usiku anabeba blanketi na kutembea hadi kwa mjomba. Huyo ni wa saba. Kama nyumba mnayoiomba haina nafasi yake, ataendelea kubeba lile blanketi.

Kwa hiyo mhesabu aliye bweni, maana likizo atarudi. Mhesabu aliyepelekwa kwa shosho ushago kwa sababu chumba kilikuwa kidogo, ikiwa nia yako ni kumrudisha. Usimhesabu mpwa aliyekuja kutafuta kazi wiki mbili, lakini akikaa miaka miwili huyo ni wa kwako. Mimba nayo ni mtu. Nyumba hii mnakwenda kukaa miaka mingi, si mwezi huu.

Halafu tafuta vyeti vya kuzaliwa. Hapa ndipo wengi hukwama: watoto wanne, vyeti viwili. Anza kushughulikia cheti cha aliyebaki sasa hivi, kwa sababu uandikishaji wa kuchelewa huchukua muda.

Nne, linganisha watu na vyumba, kisha vyumba na pesa

UN-Habitat, ambao makao yao makuu yako Gigiri hapa hapa Nairobi, huhesabu chumba kuwa kimejaa kupita kiasi watu wanaokitumia wakizidi watatu. Gawanya idadi yenu kwa tatu na upande juu. Saba kwa tatu ni mbili na kidogo, basi ni vyumba vitatu. Kisha tazama umri: mvulana wa 15 na msichana wa 12 hawafai kushiriki chumba kimoja cha kulala, na mkwe na mama mkwe nao wana heshima yao.

Nyumba za kijamii Mukuru zina ukubwa wa aina tatu: chumba kimoja cha mita za mraba 20 kwa shilingi 640,000, vyumba viwili vya mita 30 kwa 960,000, na vyumba vitatu vya mita 40 kwa 1,280,000. Kila mita ya mraba inakuja 32,000. Cha kwanza kilitangazwa kwa malipo ya 3,900 kwa mwezi. Kwa uwiano huo huo, mimi hukadiria 5,850 kwa vyumba viwili na 7,800 kwa vitatu. Hayo ni makadirio ya kupangia. Kiasi kamili ni kile kitakachoandikwa kwenye barua yako.

Namba za mita hazisemi kitu mpaka uzione chini. Chumba chetu cha mabati cha futi kumi kwa kumi ni mita 9 na kidogo. Yule mama tulitoka naye nje, pale nyuma ambapo watoto huchezea, nikachora kwa chokaa mstatili wa mita tano kwa sita, ambao ni mita 30. Akaingia ndani yake. Akatandika leso tatu mahali pa vitanda, akaweka ndoo pale ambapo angependa jiko liwe, akasimama katikati, akageuka polepole. Kisha akaniuliza kijana atalala upande gani. Fanya hivyo na wewe. Chora ile ya 20, chora ile ya 40. Nusu saa ya chokaa ina faida kuliko picha zote za matangazo.

Sasa pesa. Malipo ya nyumba yasizidi asilimia 30 ya mapato ya nyumba nzima. Kwa 16,900 hiyo ni 5,070. Vyumba vitatu kwa 7,800 vingewala asilimia 46. Wangelala vizuri na njaa. Chumba kimoja kingelipika bila jasho, ila watu saba wangekuwa kwenye mita 20. Viwili vinafika karibu asilimia 35, juu kidogo ya mstari.

Kabla ya kukata tamaa, jumlisha unacholipa leo kwa kweli, si kodi peke yake. Yeye alilipa kodi 3,000. Maji, mitungi mitano kwa siku kwa shilingi tano tano, ni 750 kwa mwezi. Choo cha kulipia, shilingi kumi kila mara, mara nne kwa siku kwa nyumba nzima, ni 1,200. Stima ya kuunganishiwa, 500. Jumla 5,450, kwa mita 9. Tofauti na nyumba ya vyumba viwili ni shilingi 400 tu. Lakini usisahau kwamba huko nako kutakuwa na bili ya maji, tokeni za stima, na ada ya huduma za jengo kama lifti, taka na ulinzi. Ulizia ada hiyo mapema, kwa maandishi.

Wakachagua viwili. Mimi niliunga mkono, kwa sababu nyumba usiyoweza kuilipia mwezi wa Januari si yako, hata ikiwa na vyumba vinne. Wameweka mpango: wavulana sebuleni, wasichana na nyanya chumba kimoja na wazazi, katikati pazia. Haujanifurahisha, lakini kijana amerudi kwenye hesabu.

Tumewahi kuona hesabu ya watu ikiachwa kando. Mwaka 2009 wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walipohamishiwa magorofa ya Lang'ata, familia tofauti ziliwekwa kwenye nyumba moja, kila moja na chumba chake kwa kodi ya 1,000, jiko na choo ni vya wote. Paa lilikuwa bora kuliko la mabati. Faragha ikabaki kuwa shida.

Tano, karatasi na kujiandikisha

Unahitaji kitambulisho, PIN ya KRA (namba yako ya mlipa kodi), namba ya simu iliyo kwa jina lako na akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kujiandikisha Boma Yangu ni bure. Huna simu nzuri? Nenda Huduma Centre: GPO, Makadara, Kibra au Eastleigh.

Angalia jina herufi kwa herufi. Nimeona kitambulisho kimeandikwa Achieng' na PIN ikasema Achieng, na mfumo ukakataa. Sahihisha kwanza. Ukifungua PIN mpya, kumbuka kufaili kila mwaka kabla ya Juni kuisha hata kama huna mapato ya kutozwa, la sivyo faini ni 2,000.

Laini ya simu ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Wake wengi hapa wanatumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya waume zao au kaka zao. Ujumbe wa kupangiwa nyumba ukija kwenye laini iliyopotea, hutajua. Sajili yako.

Mwombaji mmoja, nyumba moja. Kwa mume na mke, kaeni mzungumze nani anaandika na mwenzake ataonekana wapi kwenye mkataba. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya kubonyeza, si baada ya ufunguo. Mwenye ulemavu nyumbani, tafuteni kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu na muiambatishe, kisha muombe ghorofa ya chini kwa maandishi.

Sita, amana

Kabla ya kukabidhiwa utatakiwa kulipa amana, ambayo ni asilimia ya bei ya nyumba. Soma kiwango kwenye tangazo la mradi wenu. Kwa nyumba ya 960,000, kila asilimia moja ni 9,600, na kwa mwenye kipato cha 16,900 hizo hazipatikani wiki moja. Anza kuweka kidogo kidogo kwenye akaunti yako ya Boma Yangu, au mtengeneze chama cha nyumba peke yake, kisichoguswa na mazishi wala karo.

Malipo yote yapitie njia rasmi na upate risiti. Mimi mwenyewe, kabla sijajua, nilimpa mtu 5,000 aliyesema "anasukuma majina" ofisini. Jina halikusukumwa, na simu yake haikushikwa tena. Tangu hapo kila anayeketi mezani pangu namwambia kabla ya lolote: hakuna wa kusukuma.

Saba, kusubiri na kupokea

Kila miezi mitatu ingia kwenye akaunti, angalia namba ya simu, badilisha idadi ya watu kama mtoto amezaliwa au mzee amefariki, badilisha kipato kama kazi imebadilika. Habari iliyooza inaweza kukupa nyumba isiyokufaa.

Mkataba ukifika, usome na mtu unayemwamini kabla ya sahihi. Tafuta mambo matatu: malipo ya kila mwezi na riba, kinachotokea ukishindwa kulipa, na ada ya jengo. Jua pia kwamba huruhusiwi kuuza nyumba hiyo bila kibali cha maandishi cha Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu.

Siku ya ufunguo nenda mchana, na utepe wa kupimia. Fungua kila mfereji, vuta maji ya choo, washa kila swichi, funga na kufungua madirisha. Piga picha mita ya stima na ya maji zikiwa na namba za kuanzia. Kasoro ziandike kwenye karatasi, apokee mtu wa mradi na atie sahihi, nakala moja ubaki nayo. Halafu pima ukuta ule mliosema kitanda cha kijana kitakaa, kabla hujaenda Gikomba kukinunua.